Injini inatapika oili kwenye briza: je, dawa ni pampu ya ombwe?

"Assalamu alaykum mwalimu. Nina Corolla niliyoitia injini ya 4A-GE ya valvu 20. Naifanyia mazoezi hapa Unguja na nataka kwenda nayo kushindana bara. Nikiishikilia kwenye mizunguko elfu saba kwa muda, oili inatoka kwenye briza ya kava la valvu, lile tundu la kupumulia injini, mpaka chujio la hewa linalowa, na mara mbili kijiti cha kupimia oili kimejichomoa chenyewe. Kwenye kona ndefu nikiachia mafuta, nyuma hutoka moshi wa buluu. Fundi mmoja wa Mwanakwerekwe kanambia nizibe briza. Mwengine ana pampu ya ombwe, yaani ya kunyonya hewa, iliyokuwa nyuma ya alteneta ya Hiace ya dizeli, anasema tuifunge ivute moshi wote. Na mimi nimeona magari ya mashindano huko nje yana sampu kavu, oili haikai kwenye karai la chini ya injini, tumbo la injini linakuwa ndani ya ombwe, na nguvu inaongezeka. Nishike njia ipi? Nimeshaanza kuweka pesa za sampu kavu."

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Kabla ya yote: kama briza umeshaiziba, nenda kaizibue leo kisha urudi tuzungumze. Mengine yote yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Nimekuelewa hivi. Una tatizo moja, oili kutoka mahali ambapo hewa tu ndiyo ingetoka, na umepewa dawa tatu: moja ya kuifungia ndani, moja ya kuivuta kwa pampu ya kuokoteza, na moja ya bei kubwa. Hakuna aliyekuuliza moshi huo wa briza unatoka wapi na ni mwingi kiasi gani. Tuanzie hapo.

Kila pistoni ina ringi, na ringi hazizibi kwa asilimia mia hata kwenye injini mpya. Mchanganyiko ukiwaka, sehemu ndogo ya gesi hupenya pembeni ya ringi na kwenye mwanya wa ncha zake, ikashuka chini ya pistoni, kule krankishafti inakozunguka. Mimi huku chini napaita tumbo la injini. Gesi hiyo ina mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua na asidi kidogo, na ni ya moto. Sasa piga hesabu na mimi. Injini yako ina sentimita za ujazo 1,587. Ikizunguka mara 7,500 kwa dakika na silinda zikijaa vizuri, inameza karibu lita 5,950 za hewa kila dakika. Tuseme asilimia moja tu inavuja kwenye ringi. Hiyo ni kama lita 60, madumu matatu ya maji ya lita ishirini ishirini, yanamiminwa tumboni kila dakika. Lazima yapate pa kutokea. Ukiziba briza yatachagua yenyewe: yatasukuma kijiti cha oili, kisha sili ya mbele ya kranki (mpira unaozuia oili isivuje pale shafti inapotokeza), kisha sili ya nyuma, oili iingie kwenye klachi, na gasketi ya kava la valvu iteme oili juu ya ekzosi iliyokwisha kuwa nyekundu. Hapo huna tena gari la mashindano, una moto. Kijiti chako kujichomoa kilikuwa kinakupa habari, na bahati nzuri habari ilipitia kwenye tundu la bei rahisi.

Mimi mwenyewe, nikiwa kijana, nilipata kufunga injini ya dizeli kwenye boti na mpira wa briza nikaubana nyuma ya tangi bila kujua. Hatukufika mbali. Sili ya nyuma ililala nje kama ulimi.

Mbali na gesi inayovuja, kuna hewa ambayo tayari imo tumboni na inasukumwa huku na huku. Umewahi kumtazama sonara au mhunzi akifanya kazi na mivukuto? Pistoni ikishuka ni mvukuto unaobanwa. Kwenye pikipiki ya silinda moja ya sentimita 150, pistoni ikishuka inasukuma sentimita 150 za hewa, ikipanda inazivuta tena, ndiyo maana briza yake unaisikia ikipumua. (Vespa za zamani zilizojaa mitaani kwetu ni habari nyingine kabisa. Zile ni za mipigo miwili, mchanganyiko wenyewe unapitia tumboni kabla ya kupanda juu, kwa hiyo hazina sampu ya oili wala briza ya namna hii. Usichukue fundisho lake ukalipeleka kwenye Corolla.) Injini yako ya silinda nne ina pistoni mbili zinazoshuka wakati mbili zinapanda, kwa hiyo jumla ya nafasi haibadiliki sana. Lakini hewa inalazimika kukimbia kutoka chumba cha silinda moja kwenda cha jirani, karibu sentimita 800 kila nusu mzunguko. Kwa mizunguko 7,500 jambo hilo linatokea mara 250 kwa sekunde. Hewa hiyo inapita kwa kasi juu ya oili, inaichapa, inaigeuza ukungu na povu, na injini inalipa nguvu kwa kazi hiyo isiyo na faida. Shika hili, maana ndiyo siri nusu ya ombwe.

Sasa kwa nini inatoka oili, badala ya moshi mtupu? Hapa mafundi wengi wanakimbilia kusema "ringi zimekwisha". Huenda. Lakini fikiria kichochoro cha Mji Mkongwe. Hamali anashuka na mkokoteni, Vespa inapanda, na kichochoro ni kimoja. Ndani ya injini yako, oili iliyopanda kulainisha kemishafti lazima ishuke kupitia matundu ya hedi, na gesi za tumboni lazima zipande kufika kwenye briza, mara nyingi kwa matundu hayo hayo. Gesi zikiwa nyingi na kasi yake kubwa, oili haishuki. Inalundikana juu kwenye hedi, gari likilala kwenye kona inakusanyika upande mmoja, na gesi inapotoka inaibeba. Wakati huohuo sampu chini inapungukiwa, na hilo ni baya kuliko chujio lililolowa.

Moshi wako wa buluu unaunga mkono hadithi hii. Moshi wa buluu wakati umekanyaga mafuta hunielekeza kwenye ringi. Ukitoka unapoachia, ni kwamba koo za hewa zimefunga, mvuto umekuwa mkali upande wa valvu za kuingiza, na oili iliyojaa kwenye hedi inanyonywa kupitia gaidi, yaani vibomba vinavyoongoza valvu, na sili za valvu, au inavutwa na mpira wa briza wenyewe. Sisemi ringi zako ni nzima. Nasema hujathibitisha kuwa ni mbovu.

Zamani magari yalikuwa na bomba tu lililoning'inia chini, upepo wa mwendo ukivuta moshi na kuumwaga barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, California ilipokuwa inahangaika na hewa yake chafu, ikaja valvu ya PCV. Mvuto wa manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, unanyonya gesi za tumboni na kuzirudisha ziungue, na hewa safi inaingia upande wa pili. Kwa gari la kwenda kazini ni jambo zuri sana, hasa kwetu hapa kwenye unyevu. Safari fupi za Kiembe Samaki hadi Darajani haziipashi oili moto wa kutosha kukausha maji, na ukifungua kifuniko unakuta uji mweupe kama wa muhogo. PCV inausaidia mvuke huo utoke. Lakini ina udhaifu kwako: ukikanyaga mafuta mpaka chini, mvuto wa manifoldi unakaribia kwisha, na hapo ndipo gesi ni nyingi kuliko wakati wowote. Tena ukungu wa oili ukiingia silinda unashusha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, injini ikaanza kugonga. Ndiyo maana magari ya mashindano huipeleka briza kwenye kopo la kudakia oili.

Tuje kwa pampu ya Hiace. Fundi huyo wa pili ana akili ya kubuni, naomba usimvunje moyo, ila pampu hiyo haifai. Dizeli za aina ile hazina koo la hewa la kuzalisha mvuto kama petroli, kwa hiyo ikawekwa pampu ndogo nyuma ya alteneta kwa ajili ya buusta ya breki. Buusta ni kopo lililofungwa. Pampu ikishalitoa hewa, kazi imekwisha mpaka ukanyage breki tena. Wewe unataka iondoe madumu matatu kwa dakika bila kupumzika. Na kuna jambo la pili, ambalo likieleweka mjadala unafungwa: pampu ile inalainishwa na oili ya injini, na hewa inayoivuta pamoja na oili hiyo inazirudisha kwenye sampu. Maana yake itavuta moshi tumboni na kuutema tumboni. Ziko pampu za ombwe zilizotengenezwa kwa injini za mashindano, zinaendeshwa kwa mkanda na kutema nje kwenye kopo. Hizo ni nyingine.

Wako pia watakaokwambia uchomee bomba kwenye ekzosi, likate kwa mshazari, utie valvu ya kuzuia kurudi, moshi wa ekzosi uvute briza. Kwenye ekzosi iliyo wazi kabisa inavuta kidogo. Ukiwa na mafla, presha ya nyuma inaweza kuisukumia gesi ya moto tumboni valvu ikichoka. Mimi siifungi.

Haya, sampu kavu. Jina linapotosha. Oili ipo, tena mara nyingi ni nyingi kuliko kawaida, ila haikai chini ya kranki. Inakaa kwenye tangi pembeni. Pampu moja inaisukuma kutoka tangini kwenda kwenye beringi, na pampu nyingine, mbili au tatu au zaidi kwenye mhimili mmoja, zinanyonya kila kinachoangukia kwenye sampu iliyo bapa na kukirudisha tangini. Porsche 911 ilizaliwa nayo miaka ya 1960, na magari ya Formula 1 yote yanatumia. Kusudi lake la kwanza halikuwa ombwe. Lilikuwa kwamba gari likipinda kwa nguvu au kufunga breki, oili ya sampu ya kawaida inakimbilia ukutani, mdomo wa pampu unabaki hewani, na beringi zinakauka kwa sekunde moja au mbili zinazotosha kuua injini. Faida ya pili ni kwamba injini inakaa chini zaidi kwenye gari, kwa kuwa sampu ni nyembamba.

Ombwe linakuja lenyewe kama ziada. Umekunywa dafu kwa mrija: likikaribia kwisha mrija unaguguma, unavuta maji na hewa pamoja. Pampu za kunyonya zinaishi katika hali hiyo hiyo muda wote. Zimewekwa uwezo mkubwa kuliko pampu ya kusukuma ili oili isibaki chini, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachopita ndani yake ni gesi. Kama tumbo limefungwa vizuri, zikiondoa gesi nyingi kuliko inayovuja kwenye ringi, presha ya ndani inashuka chini ya ile ya nje. Tangi linatenganisha oili na hewa, kwa kawaida kwa kuizungusha oili ukutani, na gesi inatokea juu ya tangi kwenda kwenye kopo.

Nguvu inatoka wapi? Hewa ikipungua tumboni, mivukuto ile inasukuma kitu chepesi, ukungu unaoivuta kranki unapungua, na mjenzi anaweza kutumia ringi zenye mkazo mdogo, maana hazilazimiki kupambana na presha kutoka chini. Petroli na maji yaliyoingia kwenye oili pia yanageuka mvuke kwa urahisi zaidi. Ni faida za kweli. Lakini nyingi zinavunwa na injini iliyojengwa tangu mwanzo kwa ajili ya ombwe, yenye mizunguko ya juu sana na ringi maalumu. Kwenye 4A-GE yenye ringi za kawaida, ninachotarajia ni farasi wachache. Usitoe pesa kwa ajili ya hao tu.

Na ombwe lina madai yake. Milango ya Mji Mkongwe inafunguka kuelekea ndani: mtu akiisukuma kutoka ndani anazidi kuifunga, akiisukuma kutoka nje inafunguka. Ulimi wa sili ya kranki ni hivyo hivyo. Umetengenezwa kuzuia oili isitoke, presha ya ndani kidogo inaubana kwenye shafti. Ukitengeneza ombwe, hewa ya nje inausukuma, unanyanyuka, na vumbi la barabara linaingia moja kwa moja kwenye oili. Ndiyo maana wajenzi hugeuza sili au kufunga za pande mbili. Jingine ni pini za pistoni. Kwenye injini nyingi hazina bomba la oili, zinaishi kwa matone na ukungu. Ukiuondoa ukungu wote, pini zinakauka. Wajenzi wengi wa injini zisizo na vinyunyizio vya oili chini ya pistoni hawapendi kupita kama inchi 15 za zebaki kwenye geji, yaani karibu nusu ya presha ya hewa ya pwani, na wanaweka valvu inayoruhusu hewa kidogo iingie ombwe likizidi. Wanaokwenda mbali zaidi wameshapanga oili ya pini kwa njia nyingine.

Kosa ninalolitarajia kwa mtu anayefunga mara ya kwanza ni kuacha briza ya kava la valvu wazi "kwa usalama". Basi pampu inavuta hewa ya nje siku nzima, ombwe halipatikani, na ikiwa briza haina chujio, vumbi ndilo linalolainisha injini. Kwenye mfumo wa ombwe, injini inafungwa na tangi ndilo linalopumua. Ukiliziba tangi, umerudi kwenye kosa la fundi wa kwanza kwa gharama kubwa zaidi.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kwanza, angalia kiwango cha oili gari likiwa limesimama sawa. Usicheke. Vijana wakiogopa oili kupungua hujaza kupita alama, kranki ikaanza kuichapa, na nusu ya unachokiona kwenye chujio huwa ni hiyo ziada. Kisha fuatilia mipira ya briza kwa mkono: isiwe imelegea na kujibana kwa joto, isiwe na bonde ambamo oili na maji vinatulia na kuziba njia. Kagua na PCV kama bado unayo, ukiitikisa ilie.

Pili, pima. Chukua mpira mwembamba unaoonesha ndani, uukunje kama herufi U kwenye ubao, kila upande upate mita moja, utie maji yenye rangi. Ncha moja ifunge kwenye tundu la kijiti cha oili, nyingine iache wazi. Tofauti ya sentimita kumi kati ya pande mbili ni karibu kilopaskali moja. Injini yenye PCV nzima, ikiwa mwendo wa taratibu, itayavuta maji kidogo kuelekea kwake. Yakisukumwa kutoka, na yakaendelea kupanda ukiongeza mizunguko gari likiwa limesimama, ama njia ya briza ni nyembamba ama ringi zinapitisha. Ukubwa wa U ni kwa sababu hutaki injini inywe maji hayo.

Tatu, jaribio la kuvuja la silinda kwa kampresa. Hili sitaki ulifanye peke yako mara ya kwanza. Hewa ya kampresa inaweza kuizungusha kranki ghafla na spana ikakuvunja mkono. Pistoni iko juu kwenye mgandamizo, hewa inaingizwa, geji inaonesha asilimia inayopotea, na sikio linakwambia inapotelea wapi: kwenye kifuniko cha oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye koo ni ya kuingizia, mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Chini ya asilimia kumi kwa injini ya mashindano mimi naridhika. Ikifika ishirini kwenye ringi, hakuna briza wala pampu itakayokuokoa, pesa zako za sampu kavu ni za oveholi.

Ringi zikiwa nzima, tumia pesa kidogo kwanza. Toa mpira mnene, mfupi, unaopanda, kutoka kwenye kava. Ongeza njia ya pili kutoka tumboni ili gesi isilazimike kupandia kwenye matundu ya oili, na hapo kichochoro kinakuwa barabara mbili. Yote yaishie kwenye kopo lenye vizuizi ndani na chujio juu. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kwa magari ya aina hii, pale briza inapokuwa ya wazi, zinataka kopo la angalau lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita 2,000, nalo lionekane ndani. Tengeneza la namna hiyo tangu sasa, na waulize waandaaji wa mashindano kama daraja lako linaruhusu sampu kavu, kabla hujanunua chochote. Ndani ya sampu chomelea kuta na vimilango vya kuizuia oili isikimbie kwenye kona, na fuatilia geji ya presha ya oili. Oili ya kopo usiimwage uwanjani. Maji yetu ya kunywa yanatoka chini ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo halizuii kitu.

Baada ya hayo, kama geji ya presha bado inaanguka kwenye kona ndefu, hapo nitakuunga mkono kwa sampu kavu, na nitataka tuijenge pamoja na sili na valvu ya ombwe, si kuibandika juu ya injini iliyochoka.

Usisubiri majibu yangu na usiwashe injini ukiona mojawapo ya haya: taa ya oili inawaka hata kwa kupepesa, mlio wa kugonga kutoka chini, chembe za rangi ya fedha au shaba kwenye oili, au oili inadondokea ekzosi. Hayo yanataka mtu afungue sampu na mikrometa mkononi. Kama hayapo, niandikie vipimo vya maji kwa mwendo wa taratibu na kwa mizunguko elfu tatu, pamoja na kipenyo cha ndani cha mpira wako wa briza. Hicho cha mwisho nina hamu nacho kuliko vyote.